Mafuta yanadondoka chini ya gari: namna ya kuziba karteri

Wandugu na wamama wa koperative, pikapu inayopeleka mupunga toka Bafwasende mupaka Kisangani inakula zaidi ya kilometa 250 za barabara ya taifa namba 4. Moteri ikikauka mafuta katikati ya pori, inakamata, na kuipata ingine kunaweza kumeza franga za mavuno mazima. Ndiyo maana leo tunasemea karteri, lile bakuli la chuma chini ya moteri linalochunga mafuta.

Musiifungue mbio. Mafuta yanashuka siku zote, na karteri, kwa kuwa iko chini kabisa, inasingiziwa makosa ya wengine. Pangusa moteri yote, nyunyiza unga kidogo wa muhogo uliokauka vizuri, washa moteri dakika kumi, kisha angalia unga umeloa wapi. Mara nyingi ni kifuniko cha juu, filtri, spi, ao buloni ya kumwangia mafuta tu. Angalia tena mupira wa kupumua wa moteri. Ukiziba kwa uchafu, pumzi inajaa ndani na kusukuma mafuta inje, na hapo hata ukiziba karteri mara tatu itavuja tu.

Kama ni karteri kweli, gari isimame mahali pa sawa, magurudumu yafungiwe kwa miti. Kriki peke yake haitoshi! Weka magogo makubwa chini ya shasi mbele ya kuingiza kichwa. Mwanga mafuta yakiwa vuguvugu, si ya moto. Kama chuma cha mbele kinazuia karteri kutoka, muachie fundi, kwa sababu hapo inaomba kuinua moteri.

Sasa kazi yenyewe, na sehemu kubwa yake ni kusafisha. Ondoa silikoni yote ya zamani pande zote mbili kwa kipande cha muti ao plastiki. Kisu kinakwaruza chuma, na mukwaruzo ni njia ya mafuta. Pangusa na esanse kidogo, mbali na moto na sigara, mupaka kitambaa kitoke cheupe. Kisha tazama mudomo wa karteri: watu wanapenda kukaza sana, na chuma kinajipinda kwenye matundu ya buloni. Ulaze juu ya ubao na kuugonga polepole mupaka ukae sawa.

Toyota nyingi hazina karatasi ya kuziba, zinatumia silikoni peke yake. Nunua ile ya moteri inayovumilia mafuta na moto. Ya madirisha haifai hata kama ni bei ya chini. Paka musitari mumoja usiokatika, unene wa milimita 3 ao 4, upite upande wa ndani wa kila tundu. Usijaze. Silikoni inayozidi inaminywa ndani, inakatika, inaenda kuziba chujio ya pompi ya mafuta, na moteri inakufa ikiwa na mafuta yake yote. Tunaona hiyo ni hatari kupita kuvuja kwenyewe.

Rudisha karteri mbio, mbele silikoni haijakauka juu. Kaza buloni zote kwa vidole kwanza, kisha kwa ufunguo mudogo, kuanzia katikati kwenda inje, kwa musalaba, mara mbili ao tatu. Kwa buloni za ufunguo wa 10, nguvu ya kiganja inatosha. Acha ilale usiku mumoja bila mafuta. Kesho yake tia mafuta, washa, angalia chini.

Kwa mashini ya kukoboa mupunga yenye karatasi ya kuziba, kaza tena kidogo moteri ikisha pata moto na kupoa. Ya silikoni usiiguse tena, utaikata.

Jiwe likitoboa karteri njiani, sabuni ya kipande iliyokandwa kwenye ufa mudogo inaweza kukusaidia kufika kijijini, ukiangalia kipimo cha mafuta kila mara. Kusudeya kunafanywa karteri ikisha kutoka na kuoshwa, hapana ikiwa bado kwenye gari.

Na yale mafuta meusi, yachunge ndani ya bidoni yenye kifuniko. Yanafaa kupaka nguzo za uzio juu ya muchwa, lakini mbali na kisima, mashamba na muto Lindi.