Kila Mchubuko na Sababu Yake

Kifaru cha Kijerumani cha Panzer III kilikuwa na urefu wa takriban mita 5.4. Ukikipunguza mara 35 kinabaki sentimita 15 na nusu, kinakaa kwenye kiganja. Kipimo hicho cha 1 kwa 35 ndicho kinachotawala modeli za vifaru duniani, na hakuna mhandisi aliyekikalia kikao. Mwanzoni mwa miaka ya 1960 kampuni ya Tamiya ya Japani ilitengeneza modeli ya Panther inayotembea yenyewe, bodi yake ikapewa upana wa kumeza mota na betri. Walipokuja kuipima baadaye, wakakuta inakaribia 1 kwa 35. Wengine wakafuata.

Kuunga vipande kunadai subira kuliko ujuzi. Unavikata kwenye fremu, unasugua mshono kwa msasa laini uliolowa, unatia gundi kwa ncha ya brashi. Gundi hiyo huyeyusha plastiki pande zote mbili zikashikana mithili ya chuma kilichochomelewa. Nitasimama kwenye madigadi tu. Kwenye kifaru halisi yalikuwa bati jembamba. Kwenye modeli, plastiki ya milimita 1 ni sawa na bamba la milimita 35, nene kuliko deraya ya mbele ya Panzer III nyingi za mwanzoni mwa 1941, iliyokuwa milimita 30! Kwa hiyo yakwangue kingo kwa chini, pale jicho lisipofika, mpaka ukingo unaoonekana uwe mwembamba kama karatasi.

Lakini kinachonikesheza mimi ni kuichakaza modeli. Wengi hudhani ni kuipaka uchafu. Nilikuwa hivyo hivyo, nikitapakaza kutu kila kona, mpaka nilipomwonyesha modeli yangu dereva mmoja wa katapila. Aliigeuzageuza, akaweka kidole ubavuni palipojaa michubuko. “Kijana, hapa hapashikwi na mtu, hapakanyagwi, wala hapapiti jiwe. Pamechubukaje?” Sikuwa na jibu. Tangu siku hiyo kila doa huliuliza swali lake kabla sijaligusa kwa brashi.

Twende na Panzer III zilizoshushwa bandari ya Tripoli, Libya, Machi 1941. Zilifika na kijivu kizito cha Ulaya. Rangi ya mchanga ilipakwa baadaye, juu ya kijivu hicho. Maana yake ni kwamba mahali rangi ilipochubuka Libya hapakuonyesha chuma moja kwa moja; palionyesha kijivu. Chuma kilihitaji msuguano wa muda mrefu zaidi. Anayechora michubuko ya rangi ya chuma kila mahali amesahau tabaka zima, na pamoja nalo safari ya bahari.

Njia nzuri ya kuitoa hali hiyo inatoka saluni. Piga kijivu, kiache kikauke kabisa. Juu yake pulizia spreya ya nywele, kisha rangi ya mchanga ya akriliki, nyembamba. Ikishakauka, lowesha sehemu ndogo kwa maji na usugue kwa brashi ngumu iliyopunguzwa nywele. Maji yanapenya, spreya inalainika, rangi ya juu inabanduka vipande vipande visivyo na mpangilio, na kijivu kinachungulia. Mkono wa mtu hauwezi kuchora ovyo hivyo. Tuna mazoea ya kupanga.

Ila jizuie. Mchubuko wa milimita 1 ni wa sentimita 3 na nusu kwenye kifaru halisi. Weka pale buti zilipopandia, kwenye kingo za mifuniko, na pembeni mwa vishikio vya sepetu na shoka. Acha ubavu upumzike.

Kutu nayo ina mahali pake. Jangwa ni kavu, na vifaru vingi havikuishi kiasi cha kuoza. Ekzosi hushika kutu kwa sababu joto huunguza rangi. Minyororo hushika kutu nyembamba ikilala, kisha mawe huisugua ikang’aa sehemu zinazokanyaga; hapo unga wa penseli, ukipakwa kwa kidole, unatosha. Mafuta pia yanatofautiana. Injini ya Maybach ya Panzer III ilikula petroli, ambayo hugeuka mvuke haraka na kuacha alama hafifu kwenye vumbi. Kifaru cha Kirusi cha T-34 kilitumia dizeli, hiyo hubaki, ikakusanya vumbi na kuwa utando mweusi kuzunguka kifuniko cha tangi. Kumpa Mjerumani doa la Mrusi ni kosa ninaloliona hata kwenye kazi za mabingwa, nalo huniuma.

Vumbi ndilo la mwisho. Tumia rangi ya mafuta ya wachoraji iliyozimuliwa kwa thina, ishuke yenyewe kwenye pembe na kuzunguka vichwa vya boliti, halafu unga wa rangi ya ardhi, mzito chini kwenye magurudumu, mwepesi kadiri unavyopanda. Yangu iko mezani sasa, wiki chache tu tangu Tripoli, inaelekea Tobruk. Imebaki alama moja: kwenye ukingo wa mfuniko wa kamanda, upande wa kulia, vumbi limefutika upana wa kiganja.