Dawa Mpya na Mgonjwa wa Figo



Mwaka 1952, wakati wa vita vya Korea, madaktari wa jeshi la Marekani waliweka mashine ya kusafisha damu katika hospitali yao huko Wonju. Kabla ya hapo, wengi wa majeruhi ambao figo zao zilikoma kufanya kazi walikufa. Mashine ile ilipunguza vifo hivyo hata kukaribia nusu ya wagonjwa.

Leo huduma hiyo inapatikana katika hospitali ya Kiruddu, Kampala, na, kwa mpango ulioanza mwaka 2015, katika hospitali za kaunti nchini Kenya. Lakini kwa mgonjwa wa Masafu anayelazimika kwenda Kampala, safari ni ya karibu kilomita 200, mara mbili au tatu kwa juma, naye hukaa kwenye mashine takribani saa nne kila mara. Si ajabu basi kwamba habari ya dawa mpya huvuka mpaka wa Busia na kufika Tororo upesi sana. Habari hiyo yapasa kupimwa kwa maswali matatu.

La kwanza: je, dawa ilijaribiwa kwa watu wanaotumia mashine? Figo zao hazitoi mabaki ya dawa mwilini, na mashine nayo huweza kuondoa dawa nyingine katika damu. Kipimo kimfaacho mtu mwingine chaweza kuwadhuru.

La pili: je, wagonjwa waligawanywa kwa kura, wengine wakapewa dawa na wengine kitu kisicho dawa? Pasipo ulinganisho huo, hatuwezi kujua kilichomponya mtu ni nini.

La tatu: ni nini kilichopimwa, tarakimu za maabara au uhai? Dawa za statini hupunguza mafuta katika damu. Hata hivyo, utafiti wa mwaka 2005 uliohusisha wagonjwa 1,255 wa kisukari nchini Ujerumani, na mwingine wa mwaka 2009 wenye wagonjwa 2,776, ulionyesha kwamba kuwaanzishia dawa hizo watu walio tayari kwenye mashine hakukupunguza kwa kiasi cha kuaminika jumla ya vifo vya moyo, mishtuko ya moyo na kiharusi. Tarakimu zilishuka, hatari ikabaki.

Mwaka 2025 yalitangazwa matokeo yenye matumaini zaidi. Wagonjwa 1,228 wa Australia na Kanada, wote wakiwa kwenye mashine, walipewa kila siku gramu nne za mafuta ya samaki au mafuta ya mahindi. Waliopewa ya samaki walipata matatizo makubwa ya moyo na mishipa pungufu kwa takribani asilimia 40. Lakini hayo yalikuwa mafuta yaliyopimwa, si mlo wa ngege au mbuta. Na samaki wa chumvi humzidishia mgonjwa kiu na maji mwilini.

Askari mwenye mzazi au mwenzi anayeugua na akumbuke hili: hakuna dawa kati ya hizo iliyochukua nafasi ya mashine. Habari njema ipelekwe kwanza kwa daktari anayemtibu mgonjwa, na zamu ya kusafisha damu isiachwe. Mlinzi haachi lindo lake kwa kusikia tu kwamba msaada uko njiani.