MOTOKAA ISUKUMWAYO NA MAGURUDUMU MANNE

Sisi wenyeji wa Ushongo, kusini ya mto Pangani, twaujua mchanga. Wakati wa kiangazi hulegea na kuchimbika. Ikifika masika, palipokuwa na vumbi huwa tope. Motokaa ikikwama njiani na ndani yake mna mgonjwa, si jambo la mchezo. Basi nataka kuwaeleza wasomaji wenzangu kwa nini motokaa nyingine hupita mahali ambapo nyingine hushindwa.

Fikirini watu wanne walio na ngalawa ufuoni. Kila mtu aweza kusukuma kadiri mchanga ulio chini ya miguu yake unavyostahimili, akizidisha, huteleza. Wakisukuma wawili tu, kazi ni nzito. Wakisukuma wote wanne, kila mguu hupata kazi ndogo na ngalawa huenda. Magurudumu nayo ni vivyo hivyo. Motokaa ya kawaida husukumwa na mawili tu, ya mbele au ya nyuma, mengine hufuata.

Lakini haitoshi kuyaunganisha yote kwa chuma kimoja. Motokaa ikipinda kona, gurudumu la nje huenda mwendo mrefu kuliko la ndani, kama wavulana wawili walioshikana mikono wakizunguka mnazi. Kadhalika magurudumu ya mbele huenda mwendo mrefu kuliko ya nyuma. Kwa hiyo huwekwa difu, yaani meno ya chuma yagawayo nguvu huku yakiacha kila upande uzunguke kwa kasi yake. Motokaa isukumwayo na manne daima huwa na difu ya mbele, ya nyuma na mara nyingi ya katikati.

Hapo ndipo penye taabu. Difu ya kawaida huzipa pande zake nguvu sawa. Gurudumu moja likikosa mshiko huzunguka bure kwa nguvu kidogo, na la upande wa pili hupata kidogo vilevile. Mvivu mmoja huwalegeza wote!

Dawa yake ni za namna tatu. Ya kwanza ni kuifunga difu ya katikati, kama dereva awezavyo kufanya katika Range Rover ya mwaka 1970. Ya pili ni chombo chenye visahani vingi ndani ya majimaji mazito ya silikoni; mbele na nyuma zikitofautiana kasi, majimaji huvizuia visahani visiachane. Ya tatu, iliyo katika motokaa nyingi za siku hizi, ni klachi inayobanwa kwa amri ya kompyuta, ambayo hupima kasi ya kila gurudumu.

Faida yake ilionekana Kenya mwaka 1987, Hannu Mikkola aliposhinda Safari Rally kwa Audi 200 quattro. Kabla yake hakuna motokaa ya magurudumu manne iliyopata kuyashinda mashindano hayo.

Hata hivyo, tusidanganyike. Motokaa zote, hata zile za kawaida, hufunga breki kwa magurudumu manne. Kwa hiyo aendeshaye motokaa ya namna hii huondoka upesi katika utelezi, lakini hasimami upesi kuliko wengine. Mwenye kuliona tope na asipunguze mwendo, kwa kutegemea mitambo yake, hujitafutia msiba yeye na abiria wake.