Tukmaria za faluda ni mbegu za mrehani wetu

Kila Ramadhani ikikaribia, watu wa Mji wa Kale huenda Marikiti kununua tukmaria za faluda, vile vimbegu vyeusi ambavyo ukivitia majini hufura na kuvaa utando wa kuteleza. Wengi wetu tunavijua kama bidhaa ya duka la Kihindi tu. Kumbe ni mbegu za mrehani, mmea uleule ulioko kwenye mkebe dirishani kwa jirani, ambao ukishatoa maua tunaung'oa tukidhani umezeeka.

Kwa vijana: rehani hii si ile ya kuweka mkufu wa dhahabu upewe mkopo. Neno letu limetoka kwa Kiarabu, rayhan, nalo limo ndani ya Qur'ani, katika Surat Rahman na Surat Waqia, ingawa huko lina maana pana ya jani lolote linukialo vizuri. Katika hadithi ya Mtume (S.A.W.) iliyo kwenye Sahihi Muslim, mtu akitunukiwa rehani asiikatae, kwani ni nyepesi kubeba na harufu yake ni njema.

Labda ndiyo sababu Waswahili tuliipeleka puani kabla ya kuipeleka chunguni. Rehani hufungwa kwenye kikuba pamoja na asumini na mkadi. Jikoni, kusema kweli, hatukuipa kazi kubwa. Mchuzi wetu ni wa dania, na pilau ina viungo vyake. Lakini hakuna kinachokuzuia. Chukua majani machache, yakatekate kwa mkono, uyatie kwenye mchuzi wa samaki ukishauepua, kwa sababu moto mwingi huiua harufu. Kwenye sharubati ya ndimu nayo ni tamu sana.

Turudi kwenye mbegu. Ukitaka majani mengi, chuma mashuke ya maua mapema, maana mmea ukishazaa mbegu majani hupungua. Ukitaka tukmaria, uache uchanue. Mimi nashauri mikebe miwili, mmoja wa majani na mmoja wa mbegu. Shuke likikauka na kuwa rangi ya udongo, likate, lisugue viganjani, kisha upepete. Kila ua likizaa vizuri hutoa mbegu nne. Hutapata kilo, lakini faluda ya nyumbani haihitaji zaidi ya kijiko kimoja cha chai kwa glasi.

Ziloweke kwa robo saa au zaidi mpaka zifure kabisa. Usizile kavu wala usimpe mtoto mdogo zikiwa kavu, zinaweza kufuria kooni zikamkaba. Tena msizichanganye na chia, ambayo ni mbegu ya mmea mwingine wenye asili ya Meksiko.

Kwa upande wa dawa, chai ya rehani hunywewa kwa riahi tumboni na kwa kikohozi, na majani hufukizwa mtu mwenye mafua. Ndugu yake kivumbasi ana harufu kali zaidi, na watu huyachoma majani yake kufukuza mbu. Aina moja ya kivumbasi ina kafuri ndani yake, na huko Kakamega kikundi cha wakulima wanaoishi kando ya msitu huikamua mafuta na kutengeneza dawa ya kuchua iitwayo Naturub. Basi si imani tupu. Lakini moshi wa kivumbasi hupunguza mbu, hauwamalizi, na chandarua kibaki pale pale. Mja mzito asinywe mafuta yaliyokamuliwa, ni makali mno kuliko jani.

Ninapopata wasiwasi ni kwenye homa. Mazoea yetu ni kumfukiza mgonjwa siku ya kwanza, ya pili, ya tatu, ndipo tutoke nyumbani. Mombasa ya leo si malaria peke yake. Homa ya dengi imezuka hapa 2013, 2017 na 2021, na mwisho wa 2017 ikaja chikungunya. Kufukiza humfungua mtu pua tu, hakumwambii ana nini. Homa inahitaji kupimwa damu mapema. Na kama hujajua ni homa gani, usimpe aspirini wala ibuprofeni, kwani zikikutana na dengi zinaweza kuleta kutokwa na damu. Parasetamoli kwa kipimo chake, na maji mengi.

Jambo moja linalosahaulika: mbu wa dengi huuma mchana, na huzaa kwenye maji yaliyotuama vyomboni karibu na watu. Maana yake hata kile kisahani chini ya mkebe wako wa mrehani kinamtosha. Toboa mkebe chini maji yapite, na kisahani ukimwage na kukisugua angalau mara moja kila wiki.