Sindano za Viungo katika Maumivu Sugu ya Kiuno: Kwa Nini Huwafaa Baadhi ya Wagonjwa

Makala haya yanajadili swali ambalo daktari na mtunga sera huliuliza kwa shabaha tofauti: mgonjwa wa maumivu sugu ya kiuno anapodungwa sindano katika viungo vya uti wa mgongo kisha akapata nafuu, ni kitu gani hasa kilichompa nafuu hiyo? Daktari huuliza ili ajue amdunge nani tena. Mtunga sera huuliza kwa kuwa walipaji ni wengi na wagonjwa ni wengi zaidi. Makadirio ya kimataifa yanaonyesha kwamba mwaka 2020 watu wapatao milioni 619 duniani walikuwa na maumivu ya kiuno.

Pingili mbili zinazopakana huunganishwa na diski upande wa mbele, na viungo viwili vidogo upande wa nyuma, kimoja kulia na kingine kushoto. Viungo hivi vya nyuma, vinavyoitwa viungo vya faseti, vina gegedu, majimaji ya kulainisha na kifuko chenye neva za maumivu, mithili ya goti dogo. Wazo kwamba vinaweza kuwa chanzo cha maumivu si geni. Goldthwait alilidokeza mwaka 1911 na Ghormley akalipa jina mwaka 1933. Mwaka uliofuata Mixter na Barr walichapisha makala yao kuhusu diski iliyochomoza, na kwa miongo kadhaa diski ndiyo iliyobebeshwa lawama zote. Mwaka 1976 Mooney na Robertson walionyesha kwamba maji ya chumvi kali yakiingizwa ndani ya kiungo cha faseti huamsha maumivu ya kiuno, na hata ya mguu, na kwamba ganzi huyatuliza.

Sindano inayotolewa kwa kawaida huchanganya dawa mbili. Ganzi huzuia neva zisipeleke ujumbe wa maumivu, na kazi yake huisha baada ya saa chache. Steroidi hupunguza uvimbe wa utando wa kiungo kwa siku au wiki kadhaa. Kwa hiyo, nafuu ya kweli inayotokana na dawa yategemea masharti mawili: kiungo kilichodungwa kiwe ndicho chanzo cha maumivu, na maumivu hayo yatokane kwa sehemu fulani na uvimbe. Mgonjwa anayetimiza masharti yote mawili hupata nafuu inayoeleweka. Tatizo ni kumtambua.

Picha hazitoshi. Mapitio ya tafiti yaliyochapishwa na Brinjikji na wenzake mwaka 2015 yalionyesha kwamba uchakavu wa viungo vya faseti huonekana kwa asilimia 4 ya watu wa miaka 20 wasio na maumivu yoyote, na kwa asilimia 83 ya wale wa miaka 80. Uchunguzi wa mikono nao hausaidii sana. Schwarzer na wenzake, katika utafiti wa mwaka 1994 uliohusisha wagonjwa 176, waliwadunga wagonjwa ganzi ya muda mfupi, kisha siku nyingine wakathibitisha kwa ganzi ya muda mrefu. Wagonjwa 83, yaani asilimia 47, walipata nafuu ya wazi katika sindano ya kwanza. Waliothibitika katika ya pili kwa nafuu ya nusu au zaidi walikuwa 26 tu, sawa na asilimia 15. Wala hapakuwa na dalili yoyote, katika maelezo ya mgonjwa au katika kumpima, iliyoweza kuwatenga hao 26 na wenzao.

Tofauti kati ya 83 na 26 yastahili kutafakariwa, kwani ndani yake mna sehemu kubwa ya jibu la swali letu. Wengi wa waliopata nafuu mara ya kwanza hawakupata nafuu kwa sababu ya kiungo. Baadhi yao walinufaika na matarajio: chumba chenye mashine ya eksirei, daktari mtulivu, sindano ndefu inayofika mahali ambapo vidonge havikufika. Haya si udanganyifu wa mgonjwa, kwa maana ubongo hushiriki kupandisha na kushusha maumivu. Pia kiungo cha faseti ni kidogo na huchukua takriban mililita moja hadi mbili. Dawa ikizidi, kifuko hupasuka na dawa kusambaa kwenye misuli na karibu na mizizi ya neva. Hapo mgonjwa hupata nafuu, lakini kiungo hakina sifa ya kupewa. Tena, maumivu sugu hupanda na kushuka yenyewe, na mtu huenda hospitali yakiwa yamepanda. Wiki mbili baadaye yangeshuka hata bila sindano.

Jaribio la Carette na wenzake la mwaka 1991 lilipima jambo hili kwa uangalifu. Walichaguliwa wagonjwa ambao tayari walikuwa wamepata nafuu kwa ganzi, kisha kwa bahati nasibu 49 wakadungwa methiliprednisoloni na 48 maji ya chumvi ya kawaida. Baada ya mwezi mmoja, asilimia 42 ya kundi la kwanza na asilimia 33 ya kundi la pili walisema wamepata nafuu kubwa, tofauti ambayo kitakwimu haikuwa na uzito. Kufikia mwezi wa sita kundi la steroidi lilikuwa na hali bora, lakini walionufaika mfululizo tangu mwezi wa kwanza walikuwa 11 kwa 5. Kwa maoni yetu, wale 11 ndio wanaosahaulika katika mjadala huu. Wastani wa kundi unaweza kuficha wachache walionufaika kwelikweli, hasa pale ambapo uchaguzi ulifanywa kwa ganzi ya mara moja tu. Hata hivyo, haiwezekani kuwataja mmojammoja: pengine baadhi yao wangepona kwa maji ya chumvi.

Mwongozo wa NICE wa Uingereza wa mwaka 2016 ulishauri sindano za uti wa mgongo zisitolewe kama tiba ya maumivu ya kiuno ya kawaida. Uliruhusu ganzi ya neva za kiungo itumike kama kipimo, kabla ya kufikiria kuzichoma neva hizo kwa joto la mawimbi ya redio. Msimamo huo una mantiki, ingawa majaribio yaliyofanywa Uholanzi na kuchapishwa mwaka 2017 hayakuona faida ya maana ya uchomaji huo ulipoongezwa kwenye mazoezi.

Kwa nchi zetu suala hili limefika mezani. Sheria ya Bima ya Afya kwa Wote ya Tanzania na Sheria ya Bima ya Afya ya Jamii ya Kenya, zote za mwaka 2023, zinalazimisha wataalamu kuamua huduma zipi zilipiwe. Kulipia sindano kwa kila mwenye kiuno kinachouma ni kununua, kwa sehemu kubwa, matarajio na kupita kwa muda, pamoja na madhara: steroidi hupandisha sukari kwa mwenye kisukari, na sindano chafu huua, kama Marekani ilivyoshuhudia mwaka 2012 pale steroidi iliyoingiwa na kuvu ilipowadhuru mamia ya watu. Kuikataa kabisa nako ni kuwanyima wachache ambao kwao wiki kadhaa za utulivu ndiyo nafasi pekee ya kuanza mazoezi. Tunapendekeza malipo yafungamanishwe na masharti: mazoezi yawe yamejaribiwa kwanza, ganzi mbili zenye muda tofauti zitolewe kwa siku tofauti chini ya eksirei, na mgonjwa aandike kiwango cha maumivu yake kila saa baada ya kila sindano. Ambaye nafuu yake itafuata muda wa kila ganzi ndiye wa kuendelea naye, na karatasi hiyo ya saa kwa saa iwasilishwe pamoja na dai la bima.