Kompyuta Ikigoma Kuwaka Kiboriloni: Lipi la Buku Mbili, Lipi la Laki?

Kompyuta ya steshenari ikigoma kuwaka asubuhi, kinachomponza mwenye duka ni foleni. Mwanafunzi amekuja kujaza maombi ya mkopo wa HESLB, mzee anataka kopi ya hati, binti ana barua ya kuomba kazi. Fundi anapigiwa simu, anafika, anaambiwa: "Fundi, wewe ichukue tu, utaniambia ni shilingi ngapi." Kauli hiyo ni ghali kuliko vifaa vingi vilivyomo ndani ya CPU, kwa sababu mara nyingi mashine imeshasema yenyewe inaumwa wapi, tena kwa maandishi, na hakuna aliyeyasoma.

Kabla ya Windows kuanza, kompyuta hujikagua: RAM, kibodi, feni, saa, diski. Kujikagua huko kumekuwapo tangu IBM PC ya mwaka 1981. Ikikuta hitilafu hutoa ujumbe kwenye kioo, au hulia, au taa yake humweka kwa hesabu maalumu. Kipimo hicho ni cha bure. Tatizo ni kwamba ukali wa ujumbe haulingani na bei ya tiba. Milio inayoshtua duka zima kwa kawaida ni ya fedha ndogo, na ule ujumbe mpole unaokuruhusu kubonyeza F1 na kuendelea na kazi unaweza kuwa ndio utakaokumaliza.

Kiboriloni, hapa Moshi, inajulikana kwa mitumba. Mama anayechagua shati sokoni hapa hugeuza kola, huvuta mshono, hulinyanyua kwenye mwanga aone kama lina tundu. Kompyuta zetu nyingi nazo ni mitumba, Dell OptiPlex na HP Compaq zilizomaliza muda wake kwenye ofisi za nje, lakini hizo mtu mzima hununua kwa kuona picha ya Windows imefunguka, basi.

Tuanze na hitilafu ninayoipenda, betri. Kwenye HP za zamani utaona namba 163 na maneno kwamba saa na tarehe hazijawekwa; kwenye nyingine utasoma "CMOS checksum error", na Dell nyingi zitalia mara tano. Maneno yanatisha, dawa yake ni betri bapa ya CR2032, ileile inayotumika kwenye rimoti za magari mengi, na kwa kawaida haizidi shilingi elfu mbili au tatu. Fundi saa anayo. Soma namba kabla ya kulipa: 20 ni upana kwa milimita, 32 ni unene wa milimita 3.2. Ukipewa CR2025 kwa kuwa "zinafanana", itacheza kwenye kitako chake na wiki ijayo utarudi kwenye ujumbe uleule.

Betri hizi huishi miaka mingi kwenye ofisi ambako mashine haichomolewi, maana CPU ikiwa imechomekwa ukutani umeme huo ndio unaotunza saa, hata ikiwa imezimwa. Sisi tunazima swichi ya ukutani kila jioni, na TANESCO wakikata wanatusaidia kuzima mchana. Saa zote hizo ni betri inayofanya kazi peke yake. Sisemi uache soketi wazi usiku wa radi. Betri ni rahisi kuliko mazabodi. Ila usishangae ikiisha mapema.

Hapa kuna mtego unaowatoa watu fedha. Betri ikifa, setingi za BIOS, yaani za kuwashia mashine, hurudi za kiwandani. Kwenye OptiPlex nyingi, namna ya kusoma diski hurudi kwenye RAID On, wakati Windows iliwekwa ikiwa kwenye AHCI. Matokeo yake ni kioo cha bluu, au Windows inayozunguka bila kufunguka. Fundi mwenye haraka atasema Windows imekufa, atapiga upya, na mafaili ya wateja yatakwenda na maji. Anayesoma ataingia kwenye BIOS kwa F2, atabadilisha mstari mmoja, atahifadhi. Kwa hiyo fundi akikwambia ni Windows, muulize kwanza kama ameangalia saa na setingi za diski.

Milio miwili kwenye Dell za miaka ya 2010 ni RAM isiyoonekana. Kwenye HP za zamani ni taa nyekundu inayomweka mara tano pamoja na milio mitano. Chomoa waya wa umeme, toa RAM, futa meno yake ya rangi ya dhahabu kwa kifutio cha penseli, irudishe mpaka ibane pande zote. Vumbi la barabara ya Himo linaingia kila mahali na mara nyingi kosa ni hilo tu. Vumbi hilohilo ndilo husimamisha feni, namba 511 kwa HP. Usiendelee kutumia mashine yenye feni iliyokufa.

Ukiona "No bootable device", kabla ya yote angalia kama kuna fleshi ya mteja imesahauliwa kwenye mashine. Ndiyo, fleshi. Hiyo haina gharama.

Sasa ule ujumbe mpole. HP huandika 1720, Dell huzungumzia SMART, na ujumbe kwa ufupi ni kwamba diski inakaribia kufa. Ukibonyeza F1 mashine inawaka kama kawaida, na ndiyo maana watu hubonyeza F1 miezi sita. Hapa chaguo ni mbili na hazilingani hata kidogo. Ukihamisha mafaili leo na kununua diski mpya ya SSD, unalipa kifaa na ufundi, na mashine inarudi nyepesi kuliko ulivyoinunua. Ukisubiri diski ife, utanunua SSD hiyohiyo, halafu utafute mtu wa kuokoa data, kazi ambayo wachache wanaiweza, ambayo bei yake huipangi wewe, na ambayo inaweza kushindikana ukiwa umeshalipa. Kwenye orodha nzima ya hitilafu, hii ndiyo ya kufunga duka nusu siku.

Pawa saplai inahitaji kufikiriwa kabla ya kununua kompyuta, si baada. Vile visanduku vyembamba vinavyopendwa kwa kuwa havichukui nafasi hutumia pawa saplai ya umbo lake, na OptiPlex kama 9020 ina plagi ya pini 8 kwenye mazabodi badala ya ile ya kawaida ya pini 24. Ikiungua, ya dukani haiingii. Utaagiza Arusha au Kariakoo, ije na basi, na ikija mbovu uirudishe kwa basi. Sanduku kubwa lenye vifaa vya kawaida ni baya kwa macho lakini linatibika Moshi mjini. Na kama mashine ina kiswichi chekundu nyuma, hakikisha kinasoma 230 kabla ya kuichomeka, si 115.

Kutengeneza au kuachana nayo? Binafsi, gharama ikifika nusu ya bei ya nyingine iliyotumika, naacha. Kuna sababu ya ziada: Microsoft waliacha kuihudumia Windows 10 tarehe 14 Oktoba 2025, na Windows 11 haikubali rasmi Intel nyingi zilizo chini ya kizazi cha 8. Betri, RAM au feni, itie hata mashine ya kizazi cha 4. SSD itie, maana utahamia nayo. Mazabodi ya kizazi cha 4 usinunue.

Wapo wanaosema bora laptopu. Piga hesabu: CPU na kioo vikivuta wati 80 kwa saa 10, siku 26, kwa uniti ya shilingi 356 hivi, ni kama 7,400 kwa mwezi, laptopu ya wati 30 ni 2,800, na umeme ukikatika mteja hajui. Lakini kibodi ya laptopu ikimwagikiwa chai ni gharama, ya mezani unabadilisha kwa fedha ya chakula cha mchana.

Unaponunua kompyuta iliyotumika, usikubali kuikuta imeshawashwa. Mwambie muuzaji aizime, achomoe waya ukutani, msubiri dakika chache, aiwashe mbele yako ukitazama kioo tangu sekunde ya kwanza na simu tayari kwa picha. Tarehe ikiwa imerudi nyuma, punguza bei ya betri. Ukiona 1720, punguza bei ya diski au ondoka. Dai risiti, na muda wa majaribio uandikwe.

Ile kompyuta yako ya zamani, mafundi huinunua kwa ajili ya spea. Toa diski kwanza, ubaki nayo: ndani yake kuna kopi za vitambulisho vya NIDA na vyeti vya nusu ya Kiboriloni.