Madhara Yanayochelewa: Mwili wa Mtoto Baada ya Tiba ya Saratani

Dawa nyingi za saratani huua chembe hai zinazogawanyika upesi, na kwa kuwa mwili wa mtoto hukua kwa kugawanyika kwa chembe hai zake, dawa hizo haziwezi kuupiga uvimbe bila kuigusa pia mifupa inayorefuka, ubongo unaojengeka na viungo ambavyo bado havijakomaa. Baadhi ya madhara hujitokeza siku zile zile za tiba: nywele hunyonyoka, kinywa huota vidonda hata mtoto akashindwa kumeza uji, na chembechembe nyeupe za damu, ambazo ndizo kinga ya mwili, hupungua kiasi kwamba homa ndogo huwa dharura ya kukimbizwa hospitali usiku uo huo. Hayo wazazi huelezwa mapema, na mengi hupita. Yapo mengine yaitwayo madhara ya baadaye, yanayojitokeza miezi au miaka baada ya tiba kumalizika, pengine mgonjwa akiwa mtu mzima mwenye kazi na familia, na ni haya ambayo hayazungumzwi vya kutosha.

Ukimya huo una historia. Kabla ya mwaka 1948, daktari Sidney Farber wa Boston alipotangaza kwamba dawa ya aminopterini iliituliza kwa muda lukemia, yaani saratani ya damu, kwa baadhi ya watoto, ugonjwa huo uliua haraka na hapakuwa na sababu ya kuuliza mtoto angekuwaje baada ya miaka 30. Kampala nako, katika Hospitali ya Mulago, daktari wa upasuaji Denis Burkitt alieleza mwaka 1958 uvimbe wa taya wa watoto ambao leo unaitwa kwa jina lake, na katika muongo uliofuata ikaonekana kwamba baadhi ya watoto hao waliweza kupona kwa dawa. Sasa, kwa hesabu za Shirika la Afya Duniani, katika nchi tajiri zaidi ya watoto 80 katika kila 100 wenye saratani hupona. Waliopona walipokua ndipo gharama ilipoonekana. Utafiti mkubwa wa Amerika ya Kaskazini uliowafuatilia watu waliotibiwa utotoni kati ya 1970 na 1986, ambao matokeo yake yalichapishwa mwaka 2006, ulikadiria kwamba miaka 30 baada ya ugonjwa kugunduliwa, 73 katika kila 100 walikuwa wamepata angalau tatizo moja sugu la afya, na kwa 42 tatizo hilo lilikuwa kali, la kuhatarisha maisha au la kuua.

Moyo ndio unaostahili kuangaliwa kwa karibu zaidi. Doksorubisini ni dawa nyekundu ambayo huingia mwilini kwa dripu na kuugeuza mkojo wa mtoto kuwa mwekundu kwa siku moja au mbili, jambo linalowatisha wazazi wengi ingawa halina hatari yoyote. Hatari yake imo mahali pasipoonekana. Chembe za misuli ya moyo karibu hazizaliwi upya, kwa hiyo zile zinazokufa kwa dawa haziwezi kufidiwa, na moyo uliobaki na chembe pungufu hulazimika kuuhudumia mwili unaozidi kuwa mkubwa mwaka hadi mwaka. Mtoto anaweza kucheza mpira na kufaulu mitihani yake bila dalili yoyote, halafu akiwa na miaka 25 ujauzito, unaouongezea moyo kazi, ukaufichua udhaifu uliokuwepo siku zote. Kinachohesabiwa si dozi ya siku moja bali jumla ya dozi zote alizopata maishani: inapofika miligramu 250 kwa kila mita ya mraba ya eneo la mwili, hatari huhesabiwa kuwa kubwa, na huzidi kwa wale waliotibiwa wakiwa wadogo sana na wale ambao kifua chao kilipigwa mionzi.

Siplatini, inayotumika katika uvimbe wa ini, wa mifupa na wa ubongo, hudhuru figo na masikio. Usikivu hupotea kuanzia sauti nyembamba za juu na haurudi tena, hivyo mtoto huendelea kusikia mlango ukigongwa na jina lake likiitwa, lakini hupotewa na sauti za “s”, “f” na “sh”, asiweze kutofautisha “fika” na “shika”, na darasani huonekana mzito wa kuelewa au mkaidi kumbe hasikii. Matokeo ya utafiti wa kimataifa yaliyochapishwa mwaka 2018 yalionyesha kwamba watoto wenye uvimbe wa ini ambao haujasambaa, walipopewa thiosalfeti ya sodiamu saa 6 baada ya siplatini, asilimia 33 yao walipoteza usikivu kwa kiwango fulani, ilhali kati ya waliopewa siplatini pekee waliopoteza walifikia asilimia 63. Vinkristini nayo hugusa mishipa ya fahamu, na mtoto aliyekuwa akikimbia huanza kujikwaa kwa sababu hawezi kuinua nyayo, ingawa mara nyingi hali hii hurekebika kwa mazoezi na muda.

Mionzi ya kichwani huathiri kumbukumbu na kasi ya kufikiri, zaidi kwa wenye umri mdogo, na huweza kudumaza kimo kwa kuivuruga tezi inayotoa homoni ya ukuaji. Lakini hapa ipo habari njema. Kwa miaka mingi mionzi hiyo ilitumika kuzuia lukemia isijifiche ubongoni, hadi hospitali ya St. Jude ya Memphis ilipochapisha, mwaka 2009, matokeo ya kuwatibu watoto wenye lukemia bila mionzi hiyo ya kinga, kwa kuchunguza hatari ya kila mmoja na kutumia dawa zilizopangwa vizuri, na idadi ya waliopona ikabaki juu. Ukali wa tiba, kwa hiyo, unaweza kupunguzwa palipo na vipimo vya kumtambua asiyeuhitaji.

Siklofosfamidi, dawa kuu ya uvimbe wa Burkitt, huweza kupunguza uwezo wa kuzaa ikitolewa kwa wingi, na dawa kama etoposidi, pamoja na mionzi, huweza kuleta saratani nyingine. Hakuna lolote kati ya hayo linalomruhusu mzazi kumtorosha mtoto wodini, kwa maana saratani isiyotibiwa huua, na madhara ya baadaye humpata tu yule aliyeishi.

Kinachopotea mno ni kumbukumbu za tiba. Mama wa Tanzania huitunza kadi ya kliniki yenye chanjo za mwanawe kwa miaka, lakini mtoto aliyemaliza tiba ya saratani mara nyingi huondoka bila karatasi moja inayotaja ugonjwa wake, jina la kila dawa, jumla ya kila dozi na sehemu ya mwili iliyopigwa mionzi. Kuna familia, tena kwa huruma, ambazo humficha mtoto kwamba aliwahi kuugua saratani, naye akikua hana la kumweleza daktari. Shirika la Afya Duniani lilijiwekea mwaka 2018 lengo la kuhakikisha angalau watoto 60 katika kila 100 wenye saratani wanapona ifikapo 2030, na lengo hilo likikaribia, watakaoishi na urithi wa tiba Afrika Mashariki wataongezeka. Karatasi yenye kumbukumbu hizo hugharimu dakika chache za daktari. Mjamzito akiiweka mezani katika hospitali ya wilaya, mhudumu atajua kwamba ampeleke kupimwa moyo kwa ultrasaundi mapema, kabla uchungu haujaanza.